Samuel Pepys: Karani aliyepokea mlungula na kuuandika kitabuni

MNAMO Aprili 3, 1663, karani mmoja wa serikali ya Uingereza alikabidhiwa barua na nahodha wa meli jijini London. Alipoipapasa alitambua kwamba ndani mlikuwa na pesa. Hakuifungua njiani. Alikwenda nayo hadi afisini, akaipasua bila kutazama ndani, akaikung'uta mpaka sarafu zote zikatoka. Ndipo alipoichungulia karatasi. Alikuwa na sababu. Endapo siku moja angehojiwa, angeweza kuapa bila kigugumizi kwamba hakuona pesa yoyote ndani ya barua ile.

Mlikuwa na sarafu moja ya dhahabu na pauni nne za fedha. Nahodha huyo, Grove kwa jina, alikuwa ametafutiwa na karani kazi ya kukodisha meli za kwenda Tangier, mji wa Afrika Kaskazini uliokuwa mikononi mwa Waingereza. Hiyo ilikuwa shukrani yake.

Siku iliyofuata karani yuyo huyo aliwakaribisha wageni nyumbani kwake. Mezani paliandaliwa sungura na kuku, paja la kondoo, samaki watatu wakubwa, ubavu wa mwanakondoo, njiwa, kambakoche wanne, vitobosha vya aina aina na mvinyo wa kutosha.

Hila ile ya barua isingejulikana na mtu yeyote lau si karani mwenyewe kuiandika, pamoja na hesabu ya sarafu na orodha ya vyakula. Jina lake ni Samuel Pepys. Kwa miaka tisa na miezi mitano, tangu Januari 1, 1660 hadi Mei 31, 1669, aliandika habari za kila siku ya maisha yake, akajaza vitabu sita na maneno zaidi ya milioni moja. Wafalme na majemadari wa karne ya kumi na saba waliandikiwa historia na watu wengine. Pepys alijiandikia mwenyewe, na katika kujiandika akawaandika pia watumishi, wake wa mabaharia, wauza samaki na wagonjwa ambao hakuna mwanahistoria wa enzi hizo aliyewajali.

Mwana wa mshonaji

Pepys alizaliwa Februari 23, 1633, katika kichochoro cha Salisbury Court, karibu na barabara ya Fleet Street jijini London. Babake, John, alikuwa mshonaji nguo. Mamake, Margaret, aliwahi kufua nguo za watu kabla ya kuolewa, na nduguye alikuwa mwenye bucha. Watoto waliozaliwa katika nyumba hiyo walikuwa 11, Samuel akiwa wa tano. Waliofika utu uzima ni wanne tu. Katika London ya wakati huo hesabu kama hiyo haikumshangaza mtu.

Uingereza ilikuwa ikitokota. Mwaka 1642, Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge waliingia vitani, na mnamo Januari 30, 1649 mfalme huyo alikatwa kichwa mbele ya umati wa watu. Miongoni mwa waliotazama alikuwemo mvulana wa miaka 15 aliyetoroka shuleni. Samuel aliunga mkono mauaji hayo kwa maneno makali mbele ya wenzake. Miaka 11 baadaye, ufalme uliporejeshwa naye akiwa ameajiriwa na mwana wa mfalme aliyeuawa, alikutana mezani na mtu aliyesoma naye. Alikaa roho juu akihofu kwamba mwenzake angekumbuka maneno yale.

Elimu ndiyo iliyomwondoa katika kazi ya sindano na uzi. Alisoma katika shule ya St Paul's, kisha akapata msaada wa masomo na kuingia chuo cha Magdalene katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikohitimu mwaka 1654. Mwaka uliofuata alimwoa Elisabeth de St Michel, binti wa Mfaransa maskini aliyekimbilia Uingereza. Bibi harusi alikuwa na umri wa miaka takriban 15, na wala hakukuwa na mahari ya kuzungumziwa. Walianza maisha katika chumba kidogo ndani ya nyumba ya Edward Montagu, jamaa ya Pepys aliyekuwa kiongozi wa jeshi la wanamaji.

Kisu bila ganzi

Tangu utotoni Pepys alisumbuliwa na jiwe katika kibofu, maradhi ambayo tayari yalikuwa katika ukoo wa mamake. Machi 26, 1658 alikubali kupasuliwa. Dawa ya ganzi haikuwepo, na ingechukua karibu miaka 190 zaidi kabla ya kupatikana. Mgonjwa alifungwa kwa kamba, akashikwa na wanaume wenye nguvu, na daktari Thomas Hollier akafanya kazi yake kwa dakika chache. Wengi waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo walikufa, ama kwa maumivu ama kwa vidonda kuoza.

Pepys alipona. Jiwe lililotolewa lilikuwa na ukubwa wa mpira wa tenisi. Alilihifadhi, na miaka sita baadaye akaagiza kijaluba cha kuliwekea kwa shilingi 25. Kila mwaka ilipofika siku ile aliandaa karamu ya kumshukuru Mungu, na karamu ya Aprili 4, 1663 tuliyoitaja ilikuwa mojawapo. Yeye na Elisabeth hawakujaliwa mtoto, na wapo wanaodhani kwamba kisu kile ndicho kilichosababisha.

Mwaka 1660 bahati ilimgeukia. Montagu alitumwa kwenda Uholanzi kumchukua Charles wa Pili ili arudi kutawala, naye akamchukua Pepys awe katibu wake. Mnamo Julai, mwana wa mshonaji aliteuliwa kuwa karani wa bodi iliyosimamia jeshi la wanamaji, kwa mshahara wa pauni 350 kwa mwaka na nyumba katika mtaa wa Seething Lane. Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa amejihesabia mali isiyozidi sana pauni 40.

Nyumba ya Seething Lane

Ni ndani ya nyumba hiyo tunakoona namna watu walivyoishi. Maji hayakufika jikoni kwa mifereji kama tunavyozoea leo, na vyoo vilikuwa mashimo chini ya nyumba. Oktoba 20, 1660, Pepys aliteremka kwenye chumba cha chini akakanyaga rundo la kinyesi. Shimo la choo cha jirani lilikuwa limefurika na kumwagikia kwake. Huyu alikuwa afisa wa ngazi ya juu serikalini. Hali ya mtu wa kibanda cha kupangisha msomaji atajikadiria mwenyewe.

Siku ya kufua ilikuwa mtihani. Nguo zilirundikwa kwa majuma kadhaa, kisha wanawake wa nyumba wakaamka usiku wa manane kuchemsha maji. Usiku mmoja wa Januari 1660, kabla ya cheo kuja, Pepys alikaa akiandika hadi saa saba, mlinzi wa mtaa akapita akitangaza saa na baridi kali ya nje, na bado mkewe na kijakazi walikuwa wanafua. Yeye alikwenda kulala, akawaacha.

Kuoga mwili mzima hakukuwa desturi. Mnamo Februari 1665 Elisabeth alikwenda kwenye nyumba ya kuogea, akarudi ameazimia kuwa msafi, na akamkatalia mumewe kitandani mpaka naye ajisugue kwa maji ya moto. Hata hivyo, miaka minne baadaye, mnamo Januari 1669, mke huyo alimkagua akamkuta na chawa wapatao 20 kichwani na mwilini. Wakati huo Pepys alikuwa mtu tajiri anayevaa nywele za bandia za bei ghali na kuzungumza na mfalme.

Vitu vigeni vilikuwa vikiingia mjini kutoka pembe zote za dunia. Nyumba za kahawa zilikuwa ndizo mahali pa kupata habari na kufanyia biashara. Septemba 25, 1660, Pepys alionja chai kwa mara ya kwanza maishani, akaiandika kuwa ni kinywaji cha Wachina.

Mshahara wa kijakazi wake Jane Birch, kwa makubaliano ya Machi 1662, ulikuwa pauni tatu kwa mwaka, na Jane alikuwa amekataa kufanya kazi kwa chini ya hapo. Bosi wake alipata zaidi ya mara 100 ya kiasi hicho kabla ya kuhesabu mlungula. Watumishi walilala popote palipopatikana nafasi, na walichapwa. Wayneman, mdogo wake Jane, alitandikwa mara kwa mara na Pepys. Alipofukuzwa na kujikuta anapelekwa kisiwa cha Barbados kufanya kazi shambani mwaka 1663, aliomba bwana wake wa zamani amnusuru. Pepys alikataa. Hata dadake wa tumbo moja, Paulina, alipokuja kukaa kwake Januari 1661 alipokewa kama mtumishi, wala hakuruhusiwa kuketi mezani pamoja na kakake.

Glavu zenye uzito

Kazini Pepys alijikuta katika aibu ya namna yake. Jeshi la wanamaji lilinunua mbao, kamba, lami na vyakula kwa maelfu ya pauni, ilhali yeye, mhitimu wa Cambridge, hakujua kuzidisha. Shule za enzi hizo zilifundisha Kilatini na Kigiriki, hesabu zikaachiwa wachuuzi. Mnamo Julai 1662, akiwa na umri wa miaka 29, alimwajiri baharia mmoja, Cooper, amfundishe jedwali la kuzidisha. Aliamka alfajiri na kulikariri kama mtoto.

Alipolimudu, alijifunza kupima mbao, akaenda mwenyewe kwenye maghala, na mara akagundua jinsi wauzaji walivyokuwa wakiiibia serikali kwa vipimo vya uongo. Aliwaumbua. Hapo utamwona mtumishi wa umma ambaye taifa lolote lingemtamani: hodari, mdadisi, anayefika kazini kabla ya wenzake.

Lakini mtu huyo huyo, Februari 2, 1664, alipewa na Sir William Warren, mfanyabiashara wa mbao, jozi ya glavu za mkewe zilizofungwa katika karatasi. Alizishika akahisi ugumu ndani yake. Nyumbani alimtafutia mkewe kisingizio cha kutoka chumbani, akafungua, akakuta pamoja na glavu vipande 40 vya dhahabu. Furaha yake ilikuwa kubwa hata akashindwa kula vizuri. Warren aliendelea kuwa muuzaji mkuu wa mbao kwa jeshi hilo.

Wakenya hatuhitaji kamusi kuelewa habari hii. Kitu kidogo kina lugha moja duniani kote. Pepys alijitetea moyoni kwamba hakuwahi kupokea chochote ambacho kiliitia serikali hasara, na kwamba zawadi ilikuja baada ya kazi nzuri kufanyika. Huenda aliamini hivyo. Lakini mtu anayeamini kuwa hana kosa hana haja ya kukung'uta barua huku ametazama kando.

Mlungula mwingine haukuwa wa pesa. Wanawake waliokuja kuwaombea waume zao kazi walijikuta wakidaiwa miili yao. Mke wa Bagwell, seremala wa meli aliyetaka kupandishwa cheo, aliteseka hivyo kwa miaka. Pepys aliyaandika matendo hayo kwa mchanganyiko wa Kifaransa, Kihispania na Kilatini, kana kwamba lugha ya kigeni ingeipunguza aibu. Leo sheria ina jina la kitendo hicho. Wakati ule mwanamke hakuwa na mahali pa kushtaki, kwa maana aliyemdhulumu ndiye aliyekuwa afisi yenyewe.

Misalaba myekundu milangoni

Juni 7, 1665, siku ya joto kali, Pepys alipita mtaa wa Drury Lane akaona nyumba mbili tatu zimechorwa msalaba mwekundu mlangoni. Tauni ilikuwa imeingia London. Alinunua tumbaku ainuse na kuitafuna, kwani iliaminika kuwa ni kinga. Hakuna aliyejua kwamba viroboto walioambukizwa walikuwa na sehemu katika balaa hilo, na bakteria wa tauni hangegunduliwa hadi mwaka 1894.

Nyumba yenye mgonjwa ilifungwa kwa siku 40 pamoja na wote waliokuwemo, wazima kwa wagonjwa. Mfalme na matajiri walihama mji, maskini wakabaki. Katika juma moja la mwezi Septemba watu 7,165 waliorodheshwa kufa kwa tauni. Orodha rasmi ya mwaka mzima ilifikia 68,596, na wataalamu wanakadiria kwamba waliokufa walikaribia 100,000, katika mji wa watu wasiofika nusu milioni.

Katika tarakimu hizo Pepys ametuhifadhia habari ya mtoto mmoja. Mtengenezaji matandiko ya farasi alikuwa amewazika watoto wake wote isipokuwa mmoja. Yeye na mkewe walikuwa wamefungiwa ndani wakingoja kufa. Ombi lao lilikuwa moja tu, mtoto huyo aokoke. Walimvua nguo zote na kumtoa uchi mikononi mwa rafiki, ambaye alimvika nguo mpya na kumpeleka Greenwich. Sheria ilikuwa imevunjwa, na shauri likafika mbele ya Pepys na wakuu wenzake. Waliposikia kisa hicho waliamua mtoto aachwe aishi.

Pepys hakuikimbia kazi. Alimhamishia mkewe Woolwich lakini yeye akaendelea kuja mjini kwa muda mrefu, kisha akafanya kazi Greenwich. Hapo lazima asifiwe. Hata hivyo mwaka ulipokwisha alipiga hesabu, akakuta mali yake imepanda kutoka pauni 1,300 hadi 4,400. Nchi ilikuwa vitani na Uholanzi, na vita vina kandarasi. Aliandika bila kupepesa macho kwamba hajapata kuishi kwa raha kama wakati wa tauni ile.

Wanawake 300 uani

Pesa hizo zilikuwa na upande wa pili. Serikali haikuwa na fedha za kuwalipa mabaharia, hivyo iliwapa vipande vya karatasi vya kuahidi malipo. Wenye vilabu vya pombe walivinunua kwa bei ya kutupa, na baharia akarudi nyumbani mikono mitupu.

Julai 10, 1666, wanawake zaidi ya 300 walijaa katika ua wa afisi. Waume zao walikuwa mateka Uholanzi. Walilia, wakalaani, wakaeleza njaa ya watoto wao. Pepys na mkewe walikuwa na pai ya nyama ya kulungu iliyopaswa kupelekwa kwa mwokaji ili iwe chakula cha usiku, wakaogopa kuipitisha mbele ya wanawake hao isije ikanyang'anywa. Hatimaye ilipita salama. Wengine walipoondoka, alimwita kando mwanamke mmoja aliyekuwa akimlilia mumewe tu bila kutukana, akampa pesa kidogo. Mwanamke alimwombea baraka akaenda zake.

Huenda hakuna ukurasa mwingine wa shajara hiyo unaoieleza karne ile kwa ufupi namna hii. Afisa aliona huruma ya kweli, karibu atokwe na machozi. Pai nayo ililiwa.

Chini ya miezi miwili baadaye, Septemba 2, mtumishi wake Jane alimwamsha saa tisa usiku kumwonyesha moto uliokuwa ukiwaka kwa mbali. Pepys alitazama dirishani, akaona si jambo la kutisha, akarudi kulala. Ulikuwa umeanzia katika duka la mwoka mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Kulipokucha alipanda mashua, akaona watu wakitupa vyombo vyao mtoni na njiwa wakizunguka madirisha waliyoyazoea mpaka mabawa yakaungua. Alikwenda moja kwa moja kwa mfalme, akamshauri aamuru nyumba zibomolewe ili moto ukose njia.

Moto uliwaka kwa siku nne, ukateketeza nyumba 13,200 na makanisa 87. Usiku Pepys alihamisha dhahabu yake kwa mkokoteni akiwa bado na vazi la kulalia. Katika bustani alichimba shimo akafukia mvinyo na jibini yake ya Parmesan kutoka Italia. Nyumba ya Seething Lane ilisalimika, lakini mtaa aliozaliwa na shule aliyosomea viligeuka majivu.

Mwaka 1667 deni la mabaharia likadai riba. Mnamo Juni, Waholanzi walipanda mto Medway, wakachoma meli za Uingereza zilizotia nanga na kuiteka Royal Charles, meli ile ile iliyomrudisha mfalme nyumbani. Ndani ya meli za adui zilisikika sauti za Waingereza wakipiga kelele kwamba zamani walipigania vikaratasi, sasa wanapigania pesa taslimu. Katika mitaa ya Wapping wanawake walipaza sauti kuwa hayo ndiyo malipo ya kutowalipa waume zao.

Pepys alimtuma mkewe na babake shamba na pauni 1,300 za dhahabu wakazizike. Walizizika mchana kweupe, na alipokwenda kuzifukua mnamo Oktoba mifuko ilikuwa imeoza. Afisa huyo mkuu alikesha na mshumaa akichekecha udongo kutafuta sarafu moja moja.

Bunge lilitaka wa kulaumiwa. Machi 5, 1668, Pepys alisimama mbele ya wabunge baada ya kujitia moyo kwa mvinyo na brandi, akaitetea bodi yake kwa saa tatu, tarakimu juu ya tarakimu. Alisifiwa kila kona ya mji. Wake wa mabaharia hawakualikwa kutoa ushahidi.

Macho na msiba

Oktoba 25, 1668, Elisabeth aliingia chumbani akamkuta mumewe amemkumbatia Deb Willet, msichana mdogo aliyeajiriwa kuwa mwenzi wake nyumbani. Kilio na ugomvi vilidumu kwa miezi, na usiku mmoja wa Januari alimwendea mumewe kitandani na koleo lililopashwa moto. Deb ndiye aliyefukuzwa.

Macho ya Pepys nayo yalimuuma, naye akaamini kwamba kuandika usiku kungempofusha. Mei 31, 1669 aliweka kalamu chini kwa huzuni kama ya mtu anayeingia kaburini. Hakupofuka. Aliishi miaka 34 zaidi. Aliyeingia kaburini ni Elisabeth, aliyefariki Novemba 10 mwaka huo huo kwa homa, akiwa na umri wa miaka 29. Pepys aliweka sanamu yake kanisani St Olave, wala hakuoa tena.

Baadaye alipanda hadi kuwa katibu mkuu wa masuala ya wanamaji mwaka 1673. Mwaka 1677 alianzisha mtihani kwa kila anayetaka kuwa luteni, ili wana wa matajiri wasiongoze meli kwa jina la baba tu. Aliongoza chama cha wanasayansi, Royal Society, kati ya 1684 na 1686, na jina lake limo katika ukurasa wa kwanza wa kitabu maarufu cha Isaac Newton cha mwaka 1687.

Afrika haikuwa mbali naye. Tangier na Bombay zilikuwa zimekabidhiwa Uingereza na Ureno kama mahari ya Malkia Catherine aliyeolewa na Charles mwaka 1662. Ni Ureno ile ile iliyokuwa ikiitawala Mombasa kutoka Fort Jesus. Pepys alikuwa mweka hazina wa Tangier, na mwaka 1683 alitumwa kusaidia kuufunga na kuuacha mji huo.

Lakini Waafrika walikuwa karibu zaidi ya hapo. Mwaka 1669 mwanamke mweusi alimpikia, na Pepys alisifu chakula chake. Septemba 1665, tajiri Robert Viner alimwonyesha maiti ya mvulana mweusi aliyekuwa mtumishi wake. Alikuwa amekufa kwa kifua kikuu, akakaushwa katika tanuri na kuwekwa sandukuni kama pambo. Pepys aliandika jambo hilo kama anavyoandika habari za bustani ya tajiri huyo, bila neno la mshtuko. Na mwaka 1688 yeye mwenyewe alimkabidhi nahodha wa meli Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani mwake, ili akauzwe katika mashamba ya ng'ambo. Mvulana aliyekaushwa hatumjui kwa jina.

Deni lisilolipwa

Siasa ilimgeuka mwishoni. Mwaka 1679 alitiwa katika gereza la Tower kwa tuhuma za uhaini ambazo hazikuthibitishwa. Mfalme James wa Pili alipokimbia nchi mwaka 1688, enzi ya Pepys ilikwisha, na mwaka 1689 akajiuzulu. Alizeeka katika nyumba ya William Hewer, aliyewahi kuwa karani wake, huko Clapham. Jane Birch, ambaye wakati huo alikuwa mjane, alimwekea posho ya kila mwaka.

Pepys alifariki Mei 26, 1703, akazikwa St Olave kando ya Elisabeth. Siku hiyo serikali ilikuwa na deni lake la zaidi ya pauni 28,000 za utumishi wake. Hazikulipwa kamwe. Mtu aliyewagawia mabaharia karatasi za ahadi alikufa na karatasi yake mkononi.

Vitabu vyake 3,000 vilifika chuo cha Magdalene mwaka 1724, vikiwemo vile sita alivyoviandika kwa hatimkato, mwandiko wa alama ambao watu wachache waliweza kuusoma. Vilikaa rafuni karibu miaka 100. Mwaka 1819 kijana maskini, John Smith, alipewa kazi ya kuvifumbua, na ilimchukua miaka mitatu ya jasho. Hakuambiwa kwamba kitabu cha kufundisha mwandiko huo kilikuwa katika maktaba hiyo hiyo. Sehemu ya shajara ilichapishwa mwaka 1825. Toleo kamili, pamoja na kurasa za aibu, lilianza kutoka mwaka 1970.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu mwerevu kiasi hicho hakuvichoma vitabu vyake. Alikuwa na zaidi ya miaka 30 ya kufanya hivyo. Badala yake alivijalidi vizuri, akavipanga pamoja na vingine na kuacha wosia wa kuvilinda. Barua ya nahodha Grove aliikung'uta ili asione kilichomo. Shajara aliiacha wazi, pesa zote zikiwa bado ndani.